Sifa za Udongo Unaovunja Jembe

Kwetu mtu akitaka kusifiwa hasubiri kufa. Huingia mahali nyatiti inapopigwa, humtunza mpigaji noti, muziki hunyamaza, naye husimama na kujimwagia sifa mwenyewe: yeye ni mwana wa fulani, shemeji ya fulani, mwanamume aliyepita pale wenzake walipogeukia. Hiyo ndiyo pakruok. Akimaliza, nyuzi hulia tena na watu hurudi kwenye vinywaji vyao.

Leo natoa noti kwa niaba ya asiyeweza kuingia ukumbini: udongo wa shamba langu, kwenye mteremko wa vilima vya Gwassi, kaunti ya Homa Bay. Nauita udongo kwa heshima tu. Ukichota koleo moja, nusu ni changarawe, robo ni mawe ya ukubwa wa ngumi, na robo iliyobaki ndiyo inayotegemewa kulisha watu saba.

Msifiwa huanza na ukoo. Changarawe ya Mlima Kenya ina nasaba ya kifahari: ilisagwa na barafu iliyokuwa ikiteremka mabondeni zamani za kale, kisha maji ya barafu iliyoyeyuka yakaibeba na kuipanga kwa uzito, mawe yakatuliwa karibu, mchanga mbele kidogo, unga laini ukaenda zake. Yangu haijapata kuona barafu ila ile inayoletwa ufukweni kuhifadhia mbuta. Baba yake ni volkano ya Kisingiri, iliyokuwa ikitema moto karibu miaka milioni 20 iliyopita, na ambayo mabaki yake ndiyo vilima hivi vyetu. Hata hivyo tabia za koo hizi mbili zinafanana: maji huondoka na kilicho laini, kigumu hubaki nyumbani. Kila masika mvua hupita shambani kwangu kama mama anayechagua mchele, isipokuwa kwamba mama huyu huondoka na mchele na kuniachia mawe. Huko chini, kwenye tambarare, ndiko liliko shamba la ndugu yangu mkubwa. Udongo wake ni mweusi, mzito, na mahindi yake husifiwa hadi sokoni. Mimi nikipita hapo hunyamaza. Naujua udongo ule. Ni wangu, ulihama.

Sifa ya kwanza ya udongo wangu ni kwamba hujibu. Udongo mwingine hukatwa kimya kimya kama keki ya harusi. Huu ukiupiga jembe, hulia, hutoa cheche, na kukurudishia pigo mpaka begani, kwa hiyo mkulima hawezi kusinzia kazini. Ng'ombe wa plau wanaufahamu vizuri. Wakifika kwenye mpaka wangu hupunguza mwendo wenyewe, kama watu wanaokaribia matanga. Mafundi wa kuchomelea vyuma wamesomesha watoto kwa ncha za plau zilizovunjikia kwangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kutoa shukrani.

Mihogo nayo hupata elimu. Mhogo wa tambarare hushuka moja kwa moja, mnene, mjinga. Wa kwangu hukutana na jiwe, hupinda, hukutana na jingine, hugawanyika, na siku ya kuung'oa unatoka na umbo ambalo mama mkwe haonyeshwi. Njugu karanga ndizo zilizonishinda. Ua likishachavushwa, kikonyo chake huinama na kujichomeka ardhini ili njugu ikomae humo. Kwangu kikonyo huinama, hugonga, na kubaki kikishangaa juani. Sikuulaumu udongo. Niliilaumu njugu kwa kukosa bidii.

Lakini ngoja mvua inyeshe. Udongo mweusi wa ndugu yangu hunywa maji na kuvimba, kisha kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza simu na mkono unaoifuata. Wakati wa masika bodaboda hawafiki kwake. Mguu wa kushoto huingia na gambuti na kutoka bila gambuti. Mimi mvua ikikatika saa tatu, saa nne naenda kanisani na viatu vilivyong'aa, kwa kuwa maji yamekwisha kupenya katikati ya mawe. Ni kweli kwamba yamepita pia mizizi ya mahindi na kwamba wiki mbili bila mvua mahindi hayo hukunja majani kama sigara. Lakini makala haya ni ya sifa.

Tena wataalamu wa udongo wako upande wangu. Mawe yaliyotanda juu ya ardhi huvunja nguvu ya matone ya mvua, hupunguza mvuke unaotoroka kwa jua, na huzuia kile kidogo kilichobaki kisisombwe. Mtu akiyaokota yote na kuyatupa mpakani ili shamba lipendeze, mvua inayofuata humfunza. Huko Ufaransa, karibu na mji wa Bordeaux, kuna eneo zima linaloitwa Graves, yaani changarawe, kwa sababu ndiyo iliyojaa humo. Zabibu zake hutoa mvinyo wa bei ambayo ingenunua fahali. Wafaransa huandika jina la changarawe kwenye chupa. Sisi tukiuza shamba hulitamka kwa sauti ya chini, baada ya kupokea amana.

Kwa upande wa jamii, udongo huu unaleta amani. Katika miaka yote niliyokaa hapa hakuna binamu aliyehamisha mpaka kuja kwangu. Wapo waliouhamishia ndani ya kwao, wakanizidishia shamba usiku. Kuchimba choo huchukua wiki tatu. Fundi hukubaliana nawe bei kwa kila futi, na mtaimbo ukilia mara ya kwanza huketi na kuanza mazungumzo mapya. Kaburi ni hivyo hivyo. Usiku wa kuamkia mazishi vijana hupokezana sururu hadi alfajiri, na wale waliokuwa na maneno mabaya juu ya marehemu huyamaliza kabla ya futi ya pili, maana pumzi inahitajika kwingine. Kwetu hakuna anayezikwa kwa haraka.

Sasa tuvuke kwenda Migori, maana msifiwa wangu ana jamaa mashuhuri huko. Kaskazini-magharibi ya mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe ambalo inakadiriwa lilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina unene wa mita 1 hadi 3, na kuna mahali zinazidi mita 4 kwenda juu. Hamna saruji, hamna hata tope la kushikiza. Ni jiwe limekaa juu ya jiwe kwa akili ya aliyeliweka. Lango ni jembamba na fupi, kiasi kwamba adui huingia ameinama, amekutangulizia kichwa. Mwaka 2018 UNESCO iliiandika Thimlich kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, katika kikao cha Manama, Bahrain, na wageni hulipa ili kutazama kitu ambacho kwangu hukanyagwa bure.

Tazama jinsi ukuta ule ulivyoundwa. Kuna safu ya nje ya mawe makubwa na safu ya ndani ya mawe makubwa, hayakuchongwa, na katikati pamejazwa vijiwe vidogo vidogo. Kila mtu hupiga picha safu ya nje. Mimi niliposimama pale niliwaza vile vijiwe vya katikati, visivyoonekana, vinavyozuia wakubwa wasiangukiane. Watu mbalimbali waliishi ndani ya kuta hizo kwa kupokezana hadi karne ya 20, na katika eneo hili la ziwa kuna mamia ya maboma ya namna hiyo. Wasomi hueleza kwamba yalikuwa ya kukinga watu na mifugo. Nakubali. Ila mtu aliyewahi kulima kwenye mawe huongeza dhana yake pembeni: yawezekana fundi wa kwanza alikuwa mkulima aliyechoka, akatafuta pa kuyaweka.

Na heshima ya jiwe ni kongwe kuliko boma lolote. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, watafiti walifukua zana za mawe pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023, na umri uliokadiriwa ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Si hilo lililonigusa. Lililonigusa ni kwamba baadhi ya mawe yale hayakuwa ya hapo. Yalibebwa kutoka zaidi ya kilomita 10. Viumbe walioyabeba, ambao bado hatuna hakika kama tuwaite watu, walitembea mwendo wa kutoka asubuhi hadi jua kali kutafuta jiwe zuri. Wangezaliwa kwangu wangefika kazini kabla ya chai.

Kwa kina mama yangu, Nyatike, upande wa Macalder, jiwe limepanda cheo zaidi. Huko hupondwa. Wanawake huketi chini ya turubai na nyundo, wanavunja miamba iliyopandishwa kutoka mashimoni, kisha mawe hayo husagwa, huoshwa, na hatimaye zebaki hutiwa ili ikamate dhahabu. Mashimo huporomoka, zebaki hudhuru mikono inayoikanda, na faida humkuta aliyekuja na gari. Nimevunja mawe yangu kadhaa kwa matumaini. Ndani yake mlikuwa na jiwe.

Mwaka juzi nyumba ya ndugu yangu ilianza kupasuka. Ufa ulitokea juu ya dirisha, ukateremka, kiangazi ukapanuka hadi paka akawa anautumia. Fundi alimwambia kwamba udongo mweusi unainua na kushusha msingi, na kwamba yafaa uchimbwe uondolewe, shimo lijazwe mawe. Jumamosi moja nikamwona anapanda mlima, taratibu, kofia mkononi, mtu ambaye kwa miaka 20 alinisalimu kwa kuniuliza mawe yameotaje.

"Omera," akasema, "nasikia una mawe."

Nikamwambia achukue. Bei yangu ilikuwa lori moja la mawe kwa lori moja la udongo wake, kwa kuwa ulikuwa wangu tangu mwanzo. Alicheka mpaka akakaa chini, akainuka haraka kwa kuwa alikalia changarawe, kisha akakubali. Lori likateremka na mawe, likapanda na udongo mweusi, tukaumwaga kwenye kishamba cha mboga nyuma ya jiko. Mke wangu akapanda sukuma wiki siku hiyohiyo.

Ilikuwa Machi. Kufikia mwisho wa Aprili udongo wote ulikuwa umerudi kwake, pamoja na sukuma wiki, na pale nyuma ya jiko mawe yangu yalikuwa yameoga, yanang'aa.