Kiuno Changu, Kicheko Chenu

Kuna maumivu ya heshima. Mtu akisema presha imempanda, watu wanamsogezea kiti. Akisema ana sukari, hata chai yake wanaikoroga kwa adabu. Mimi nikisema kiuno kinaniuma, watu wanakonyezana. Mwanaume wa hamsini na ushee katika jiji hili la Dar es Salaam haruhusiwi kuumwa kiuno bila ndoa yake kufanyiwa ukaguzi. Mwenye duka anainama na kushusha sauti: "Mzee, supu ya pweza umeshajaribu?" Jirani ambaye hata salamu huitoa kwa mkopo amenitumia namba ya mtu wa vumbi la Kongo. Shemeji yangu alikuja na mihogo mibichi na karanga, akaviweka mezani mbele ya watoto, akaondoka bila maelezo.

Basi nieleze mara moja, nipumzike. Panapouma si pale mnapopafikiria. Ni chini ya mkanda wa suruali, upande wa kulia, penye kibonyeo juu ya kalio. Hapo ule mfupa wa pembetatu ulioko mwisho wa uti wa mgongo unaungana na mfupa wa nyonga. Kiungo chenyewe husogea nyuzi chache tu, milimita chache. Goti langu linakunja na kukunjua tangu enzi za Mwalimu na halijanidai kitu. Bega linazunguka pande zote, kimya. Anayekuja kuniangusha ni huyu ambaye kazi yake kubwa ni kutosogea!

Na anajua kuchagua wakati. Kutembea hana neno. Subiri nikae kwenye boneti ya daladala kutoka Mbagala mpaka Posta, halafu konda aseme "shuka chapchap mzee". Subiri nisimame kwa mguu mmoja nivae suruali. Usiku, kujigeuza kitandani kunahitaji kikao, na mke wangu lazima awe mjumbe.

Nilikwenda hospitali nikiwa na matumaini ya picha ya kutisha, kitu cha kumwonyesha shemeji. Picha ikatoka safi. Hakuna tusi kama picha safi. Daktari akaniambia nionyeshe panapouma kwa kidole kimoja. Nikaweka kidole palepale penye kibonyeo, akatabasamu kana kwamba nimemtajia jina la kijiji chao. Kumbe kidole hicho kina historia: Mmarekani mmoja aitwaye Fortin alikiandikia makala mwaka 1997, kwamba mgonjwa akionyesha hapo kwa kidole kimoja, na akirudia anaonyesha palepale, kiungo hiki ndicho mshukiwa. Mtu anaacha jina katika tiba kwa kidole cha mgonjwa. Sisi wenye vidole hatutajwi.

Nikasoma zaidi, maana mtu asiyeweza kukaa vizuri husoma akiwa amesimama. Mwaka 1905 huko Boston, Goldthwait na Osgood walikitia kiungo hiki hatiani kwa maumivu mengi ya mgongo. Kikawa na jina mjini. Mwaka 1934, hukohuko Boston, Mixter na Barr wakaeleza habari za diski ya uti wa mgongo kuchomoza na kubana neva, na kila mtu akahamia kwenye diski. Kiungo changu kikasukumwa pembeni kwa miaka mingi. Wakati mwingine nahisi kinalipiza kisasi, isipokuwa kimekosea anwani.

Dawa? Vidonge vichache vya kutuliza, na karatasi ya kunipeleka fiziotherapia. Nilitegemea mashine yenye taa. Nikamkuta binti wa umri wa kitinda mimba wangu. "Shikamoo baba," akasema, "lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio." Yote kwa pumzi moja.

Haki yake nimpe, alieleza vizuri. Kiungo hiki hakishikwi na mifupa na kano peke yake. Msuli wa kalio la kulia na ule mpana wa mgongo upande wa kushoto hukutana kwenye utando wa kiunoni, ikapita mshazari mgongoni kama mbeleko. Mbeleko ikilegea, mtoto anayumba. Misuli ya tumbo la ndani nayo inabana kwa mbele. Kwa hiyo tunakaza mbeleko. Nilipodai ushahidi, akanitajia utafiti wa Norway wa mwaka 2004, wa Stuge na wenzake: wanawake 81 wenye maumivu ya nyonga baada ya kujifungua, wiki 20 za matibabu, na waliopewa mazoezi mahususi ya kuimarisha nyonga wakapata nafuu kuliko wenzao. Miaka miwili baadaye, nafuu ilikuwa bado ipo.

"Mimi sijajifungua," nikamwambia.

"Najua, baba. Nyanyua."

Akaongeza kwamba mimba hulegeza kano za nyonga, na karibu mjamzito mmoja kati ya watano huumwa maeneo hayo. Mke wangu, mama wa watoto wanne, alikuwa amekaa pembeni na pochi yake mapajani. Akageuka kuniangalia kwa namna ambayo sitaieleza hapa.

Zoezi la kwanza linaitwa daraja: unanyanyua makalio, unashikilia sekunde 5, unashusha taratibu, mara 10. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016 na malori yanapita. Langu linatetemeka kwa uzito wa tumbo langu mwenyewe. La pili ni la ubavu: magoti yamekunjwa, nyayo zimegusana, goti la juu linafunguka na kufunga bila nyonga kubiringika nyuma. Ukiliona unalidharau. Ukilifanya, kuna msuli kando ya kalio unaowaka moto, na hujawahi kutambulishwa kwake. La tatu ni la mikono na magoti, unanyoosha mkono wa kushoto na mguu wa kulia. Hapo mjukuu wangu hupanda mgongoni. Yeye ndiye mhesabuji: "Moja, mbili, nne, moja." Umeme ukikatika, feni inasimama, mkeka unanata mgongoni, na ndiyo saa ambayo jirani wa vumbi la Kongo hupiga hodi na kuingia kabla hajakaribishwa. Aliniona nikiwa juu ya daraja. Akasema, "Samahani," akatoka kinyumenyume. Mtaani sasa nina sifa mpya.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa inafanya kazi. Polepole mno, bila shukrani kwa mtu anayependa kulalamika, lakini suruali navaa nimesimama, na kikao cha usiku kimefupishwa.

Hapo ndipo binti akaongeza zoezi jipya: kutembea na mzigo mkono mmoja, mgongo wima, usiinamie upande. Nikauliza mzigo gani. Kabla hajajibu, mke wangu akauliza kama ndoo ya maji inafaa. Binti akasema inafaa sana, mama, ila tuanze na nusu ndoo. Juzi maji yamekatika mtaani kwetu. Ndoo zimepangwa mlangoni, zote nusu, na mke wangu anasema hizo ni dozi za asubuhi tu.