Matembezi Mepesi ya Kwenda Ziwani

Njia nyepesi ya matembezi, kwa kipimo cha vitabu vya watalii, ni ile isiyo na mlima mkali na inayoishia penye maji. Kwa kipimo hicho, njia ya Tabora hadi Mwanza kupitia Nzega haina mshindani: uwanda wa Unyamwezi ni tambarare, na mwisho wa njia ni ziwa. Kasoro yake ni ndogo tu, kilomita mia tatu na ushei.

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alielekea upande huo mwaka 1858. Aliondoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Julai. Tarehe 3 Agosti akaliona ziwa na kulipa jina la malkia wake, kana kwamba wavuvi wa pale walikuwa wakivua katika maji yasiyo na jina. Mwenzake, Richard Burton, alibaki Kazeh. Huenda ndiye aliyeuelewa utalii vizuri zaidi.

Njia kuu ya misafara iliyopitia Kazeh, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 1,200. Wepesi wake ulitegemea nafasi ya mtu msafarani. Mzungu aliyeugua alibebwa kwa machela. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi za vitambaa, shanga au pembe za ndovu, bila buti wala cheti cha kumaliza safari.

Siku hizi wa Nzega anayetaka ziwa hupanda basi. Anayesisitiza kutembea, mzigo wake aubebe mwenyewe.