Nani Kama Butura

Wilaya yetu ya Kyerwa husifiwa kwa mengi: ndizi, maharage, kahawa, madini ya bati, hifadhi ya Ibanda-Kyerwa. Butura peke yake haijapata wa kuisemea. Kiongozi yeyote anayeshuka kwenye gari hapa Rubwera huilaani hata kabla salamu hazijaisha, na sisi tulioketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai tunapiga makofi. Mimi nami hupiga. Lakini mtuhumiwa anayehukumiwa kila mkutano bila kuitwa kujitetea anastahili wakili, na kwa kuwa mimi ni mtu wa mjini nisiye na mche hata mmoja wa kahawa, sidhani kama kuna atakayenishuku kuwa nina masilahi.

Kwa msomaji wa mbali: butura ni kuuza kahawa yako ingali mtini, changa, wakati mwingine ikiwa ua tu, kwa bei inayopangwa na shida uliyonayo siku hiyo. Ikiiva, si yako tena. Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi wana kangomba yao kwenye korosho, nayo ilipata umaarufu wa kitaifa mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe na kuleta jeshi kuisomba. Butura haijawahi kupewa heshima ya namna hiyo. Imeridhika na makaripio, ikaendelea na kazi.

Kinachonivutia kwanza ni kwamba inajua kusoma kalenda. Shule zinafunguliwa Januari. Robusta yetu inaanza kuchumwa mwezi wa tano, inaanikwa mpaka ikauke, inapelekwa chama cha msingi, na fedha yake inaonekana katikati ya mwaka kama mambo yamekwenda vizuri. Aliyepanga mihula ya shule na Aliyeipangia kahawa muda wake wa kuiva hawakuwahi kukaa kikao kimoja. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, na kweli imefutwa. Kilichobaki ni godoro, sare, rimu ya karatasi, jembe, fyekeo na nauli, vitu ambavyo havikuwahi kuwa ada, kwa hiyo havikuweza kufutwa. Hapo katikati, kati ya godoro la Januari na kahawa ya Juni, pana bonde refu. Wengine wote wanasimama ng'ambo wakitupungia mkono. Butura inashuka bondeni.

Na inashuka kwa adabu. Mnunuzi wa butura anayejua kazi yake haji na pikipiki hadi mlangoni. Huiacha barabarani, akaingia kwa miguu kupitia migombani, amevua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Analetewa kigoda, na kwa kuwa nyumba ya Mnyambo, mwenyeji wa huku, haimwachi mgeni mikono mitupu, analetewa na akamwani, zile kahawa zilizochemshwa zikakaushwa, za kutafuna. Ni tunda lile lile ambalo wazee walilitafuna pamoja walipochanjiana udugu. Anatafuna taratibu, anauliza habari za mguu uliokuwa ukiuma, za ng'ombe aliyezaa, za kila mtoto kwa jina lake. Nakuhakikishia hakuna afisa maendeleo ya jamii mwenye takwimu kama zake. Kisha:

"Nimesikia mwanetu amechaguliwa kidato cha kwanza."

"Amechaguliwa, baba, lakini..."

"Hapo kwenye lakini, mama, ndipo tulipo sisi."

Kahawa haijatajwa. Haitajwi hadi anapoaga, na njia ya kuondoka, kwa bahati, inapita katikati ya mikahawa. Anainua tawi kwa kidole kimoja, anatazama jinsi punje zilivyoshikana kwenye kila pingili, analiachia. Anarudia kwenye mti wa tatu, wa saba. Wataalamu wa kilimo wanahitaji fomu na msimu mzima kukadiria mavuno ya shamba hilo. Yeye ameshamaliza kabla hajafika kwenye boma. Hapo ndipo anapoingiza mkono ndani ya koti, kwenye mfuko wa kifuani, na kutoa noti zilizofungwa kwa mpira. Anazihesabu kwa sauti. Kidaftari kinatoka, mama anaweka dole gumba, kidaftari kinarudi mfukoni. Nakala? Mama wa watu nakala aiweke wapi?

Sasa linganisha na benki. Benki, lazima tukiri, ni rahisi: riba yake ni kama asilimia 15 au 16 kwa mwaka. Lakini benki ni mgeni mwenye maswali. Inataka kitambulisho cha taifa, picha, barua ya mwenyekiti wa kitongoji, muhuri wa mtendaji, wadhamini, na zaidi ya yote inataka dhamana. Mama anacho kibanja. Ila kibanja kina makaburi ya wakwe zake, kina mashemeji wenye maoni, na hati hakina. Kweli, tangu mwaka 1990 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi iliyotoka mkoani humu humu, kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume. Hukumu nzuri, inasomwa vyuoni hadi leo. Haikufika na hati. Butura haiulizi kibanja ni cha nani, wala haitishi kikao cha ukoo. Inauliza kahawa imezaa au haikuzaa.

Kuna na mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mpango mzuri, ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudishwa baadaye na taratibu mpya. Lakini mfikirie mzee wa miaka 60 mwenye viungo vyake vyote. Si mwanamke, si kijana, na Mungu amemnyima ulemavu. Katika hesabu ya nne-nne-mbili, mzee huyu hayupo duniani. Butura inamtambua. Inamwamkia shikamoo, inamuita tata, yaani baba, inampa fedha bila kumdai katiba ya kikundi wala semina ya ujasiriamali ya siku tatu yenye soda na andazi.

Wapo watakaoleta kalamu na karatasi. Tuseme mama amepokea shilingi 100,000 mwezi Januari kwa kahawa ambayo Julai itauzwa 300,000. Mwalimu wa hesabu ataiita hiyo riba ya asilimia 200 kwa miezi sita. Muache aite. Mnunuzi wetu hajawahi kutamka neno riba, kwa sababu ni mcha Mungu. Yeye amenunua maua, na sijasikia msikiti wala kanisa lililokataza kununua maua.

Ukitaka kuona matunda ya butura, mkulima si mtu wa kumtazama. Tembea hapa mjini mwezi wa nane. Rubwera imekuwa makao makuu ya wilaya tangu tulipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na mji uliokua haraka hivi haukujengwa kwa mishahara ya watumishi peke yake. Mageti ya chuma yanapakwa rangi, gari la matangazo linapita likiita watu kwenye ukumbi, kadi za michango ya harusi zinaingia ofisini kabla ya chai. Nani amenunua maua ya mwaka jana? Mwenye duka la vifaa vya ujenzi amenunua. Mwenye pikipiki tatu za bodaboda amenunua. Na, tuseme kwa sauti ya chini, yupo aliyeandika muhtasari wa kikao cha kupiga marufuku butura, akaupiga muhuri, akafunga ofisi Ijumaa mchana, akaenda kuangalia mikahawa yake isiyokuwa yake. Sioni unafiki hapo. Mtu anayeijua hatari ya jambo kwa undani kiasi hicho ndiye anayefaa kuandika muhtasari wake.

Tena butura ni nyepesi safarini. Kahawa ya kawaida inapita AMCOS, yaani chama cha msingi, inapimwa, inaandikwa, inakwenda mnadani chini ya chama kikuu cha ushirika, KDCU, inakatwa ushuru. Kahawa iliyouzwa ikiwa ua haina risiti wala jina kwenye daftari la chama. Bei ikiwa nzuri upande wa pili wa mto Kagera, haina sababu ya kukaa ikisubiri mnada. Mpaka wa Murongo si mbali, na usiku ni mrefu. Siongezi neno hapo, nina majirani.

Nitaje na mtihani mkubwa ulioipata, maana sifa bila mtihani ni maneno ya jukwaani. Mwaka 2024 ukame uliikumba Vietnam, ambako ndiko robusta nyingi ya dunia hutoka, na bei katika soko la London ikapanda hadi kupita dola 5,000 kwa tani. Habari ilifika migombani kwa redio na kwa simu. Watu waliokuwa wameuza maua kwa bei ya zamani wakaitazama kahawa yao ikiiva, nyekundu, nzuri, ya mtu mwingine.

Basi ukazuka wizi wa aina yake. Mtu anaamka saa tisa usiku, anachukua kikapu, anaingia shambani kwake mwenyewe akinyata, anachuma kahawa aliyoipanda baba yake, anaianika nyuma ya jiko na kuifunika majani ya migomba mbwa wasijue. Mchana analalamika kwamba siku hizi vijijini kuna wezi. Mnunuzi anakuja, anainua tawi kwa kidole kile kile, anakuta pingili tupu.

Atamshitaki wapi? Mahakamani hawezi, jambo lenyewe ni marufuku. Kwa hiyo huenda kwa wazee wa kitongoji, na kikao kinakaa chini ya mti siku ya Jumapili baada ya ibada. Nimewahi kusimama pembeni ya kikao cha namna hiyo, na nasema bila mzaha kwamba kiliendeshwa vizuri kuliko mabaraza mengi. Mnunuzi alieleza kwa huzuni, si kwa hasira. Kidaftari kilitolewa, dole gumba likatambuliwa. Mama alisema wezi ni wengi. Wazee walitikisa vichwa kuafiki kwamba wezi ni wengi, wakanywa rubisi iliyonunuliwa na mlalamikaji, wakateta kidogo pembeni. Uamuzi: kahawa iliyokwisha kuibwa ihesabiwe imeibwa, iliyobaki mtini aichukue mwenye kidaftari, na deni lililosalia lihamie kwenye maua ya msimu ujao.

Mnunuzi alitoa kalamu. Mama alifuta kidole kwenye kanga, akakitazama, kisha akauliza kama wakati wanaandika wanaweza kumwongezea kidogo juu, maana yule mdogo wake na mwanafunzi wa kidato cha kwanza yuko darasa la saba.