Kihenge cha Barua Pepe

Programu ya mstari wa amri ya kuhifadhi barua pepe haina vitufe wala picha ya bahasha. Ni jina tu: linaandikwa kwenye Terminal ya Mac, Enter inabonyezwa, mtu anasubiri. Kazi yake ni kuingia kwenye seva ya barua kwa kutumia IMAP, itifaki ambayo Mark Crispin aliibuni mwaka 1986 huko Stanford, Marekani, na kushusha kila barua hadi kwenye diski ya mwenyewe, ili akaunti ikifungwa au neno la siri likipotea, barua zisiondoke nalo. Kwa watu wa Ufipa jambo hili halihitaji semina. Mji wao wa Sumbawanga una vihenge vya kisasa vya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, na bado kila kaya yenye akili huweka magunia yake ndani.

Mac inayozungumziwa hapa ni MacBook Pro ya mwaka 2015, mtumba wa Kariakoo, iliyosafiri kwa basi kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ikiwa imepakatwa njia nzima, kwa kuwa buti la basi halina huruma. Akaunti, ya Gmail, ilikuwa na barua za miaka kumi na mitatu, zenye uzito wa GB 12. Mwenye mashine, ambaye ndiye pia mwandishi wa maelezo haya, alitenga jioni moja ya mwezi Julai. Zilitumika siku kumi na moja.

Hatua ya kwanza ni kuchagua programu, na kosa la kwanza hutokea hapo. Miongozo mingi ya zamani humwelekeza mtu kwenye offlineimap, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea Python 2. Apple waliiondoa Python 2 kwenye macOS 12.3, Machi 2022. MacBook Pro ya 2015 inaishia macOS 12, yaani Monterey, hivyo aliyeisasisha kwa bidii hadi mwisho anakuwa ameing'oa kwa mkono wake ngazi aliyotaka kuipanda. Mashine ikaambiwa iiendeshe programu hiyo, ikajibu kwamba faili au folda inayoitwa python haipo. Jioni ya kwanza iliishia hapo, chai ikiwa bado ya moto.

Programu iliyofuata ni mbsync. Hii inapatikana kupitia Homebrew, ghala la programu lililoanzishwa na Max Howell mwaka 2009, ambalo wenye Mac wengi hulitumia kama wengine wanavyotumia duka la jirani. Kisakinishi cha Homebrew huomba kwanza neno la siri la Mac. Mtu anapoliandika, skrini haionyeshi kitu: hakuna nyota, hakuna vidoti, kimulimuli hakisogei.

"Mjomba, mbona unaandika halafu haitokei?" aliuliza mpwa wa darasa la tano, aliyekuwa amekaa pembeni kwa ajili ya joto la mashine.

"Ndivyo ilivyo."

Mtoto alisogeza kigoda nyuma. Jina la Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji kuwa "tupa uchawi", agizo kwa mgeni auache mlangoni aliokuja nao, na dirisha jeusi linalopokea maneno bila kuyaonyesha, kisha likaanza kutiririsha maandishi lenyewe usiku, halimsaidii mtu kujieleza. Ukweli ni wa kawaida: maneno ya siri hufichwa ili aliyeko nyuma ya bega asihesabu hata herufi. Mpwa alielezwa hivyo. Aliitikia kwa adabu, akaenda kulala mapema kuliko siku zote.

Homebrew ina masharti yake. Inahitaji kwanza zana za Apple za Command Line Tools, mamia ya MB, na hapo bando la wiki liliyeyuka kabla ya programu yenyewe kuanza kushuka. Kisha kuna umri wa mfumo. Kwa mfumo ulio kwenye orodha yake, Homebrew huleta programu iliyokwisha kupikwa; kwa mfumo uliotoka kwenye orodha, kama Monterey tangu mwaka 2024, huleta unga na maji na kumwachia mtu jiko. Mbsync inategemea OpenSSL na Berkeley DB, na zote zikaanza kujengwa upya kutoka kwenye msimbo wake, mstari kwa mstari. Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma kwenye matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. MacBook Pro haijafikia ufundi huo. Feni ilinguruma kama bodaboda inayopanda mlima na mzigo, na kwa kuwa Ufipa iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na Julai yake si ya mchezo, mwenye mashine aliinama akaota moto.

Saa tano na nusu usiku LUKU iliisha. Betri ya mtumba huo hudumu muda wa kutosha kusema "umeme umekatika", kisha inazima. Homebrew haikumbuki ilipoishia katikati ya kifurushi. OpenSSL ilianza upya kesho yake, safari hii baada ya wapangaji wote kuchangia tokeni.

Ujenzi ulipokamilika, kilichobaki kilionekana kuwa kuita jina. Kifurushi kinaitwa isync. Mwenye mashine akaandika isync. Terminal ikajibu kwamba amri hiyo haijulikani. Akaandika tena taratibu, kama mtu anayemtajia kiziwi jina lake, ikajibu vilevile. Kifurushi ni isync lakini amri ni mbsync, kama mtu anayeitwa hivi kanisani na vile mtaani.

Mbsync haifanyi chochote bila faili ya maelekezo iitwayo .mbsyncrc. Nukta ya mwanzo huifanya faili isionekane kwenye Finder mpaka mtu abonyeze Command, Shift na nukta kwa pamoja. Asiyejua hilo huiandika faili, haioni, akaiandika tena. Aidha, TextEdit ya Mac hupenda kuhifadhi maandishi ya kawaida kama waraka wenye mapambo, na kuzipinda alama za kunukuu zionekane kama za kitabuni. Mbsync haisomi mapambo. Lakini lililomaliza siku nzima ni tabia njema ya uandishi. Katika faili hii mstari mtupu ndio unaofunga sehemu moja na kufungua nyingine. Mwenye mashine, aliyefundishwa kuwa ukurasa unahitaji kupumua, aliacha mstari mtupu baada ya kila sentensi. Kwa mbsync hiyo ilikuwa hotuba ya mtu anayesema "nimemaliza" kila baada ya neno. Mwisho wa njia ya folda nao unataka mkwaju: ~/Mail/ ni mahali, na ~/Mail bila mkwaju ni mwanzo wa jina, hivyo folda za barua huota nje yake kama uyoga. Faili hiyo huiita seva Far, yaani mbali, na diski ya nyumbani Near. Hapo tu ndipo programu hii inapomwambia mtu karibu.

Kuhusu neno la siri, lile la kila siku halikubaliki tena. Gmail huitaka programu ya namna hii itumie neno la siri maalumu lenye herufi 16, na hutoa neno hilo kwa akaunti iliyowashwa uthibitishaji wa hatua mbili tu. Kwa akaunti hii hatua ya pili ilikuwa namba inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Laini iliyosajiliwa kwenye akaunti ilikuwa ya zamani, nayo ilikuwa ndani ya simu ya kitochi, na kitochi kilikuwa Matai kwa shangazi.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Kwema. Shangazi, kuna ujumbe umeingia kwenye ile simu ndogo, una namba sita. Naomba unisomee."

Kimya. Kisha sauti ikabadilika.

"Wewe ni nani?"

"Si mimi, shangazi!"

"Wote mnasema ni mimi. Juzi mwingine alisema ile hela niitume kwenye namba hii. Redioni wametuambia namba za siri hazitolewi kwa simu. Haya, niambie, babu yako alivunjika mguu gani?"

Mguu ulikuwa wa kushoto. Jibu lilichukua dakika kadhaa za kukumbuka, namba ikawa imekwisha muda wake, na ya pili ilipotumwa mtihani ulianza upya kwa swali jingine, maana swali la kwanza, kwa maelezo ya shangazi, huenda tapeli alikuwa ameshalisikia. Kwa vigezo vya usalama wa mitandao shangazi hana dosari. Namba ya tatu ndiyo iliyosomwa. Herufi 16 zilipatikana saa mbili usiku, zikiwa zimepangwa nne nne.

Sasa barua zingeweza kushuka, ila kwanza kulikuwa na suala la folda. Gmail haitumii folda hasa. Inatumia lebo, na barua yenye lebo tatu huonekana mahali patatu, hivyo asiyechunga huishusha mara tatu na kulipia bando mara tatu. Dawa ni kuchukua folda moja yenye kila kitu, ile ambayo miongozo huiandika All Mail. Akaunti hii, hata hivyo, ilikuwa imewekwa kwa Kiswahili tangu zamani, kwa uzalendo, na jina la folda hiyo hufuata lugha ya akaunti hata ndani ya IMAP. Mbsync ilitafuta jina la Kiingereza isilione. Uzalendo uligharimu saa tatu. Suluhisho lilikuwa kuiambia programu iorodheshe yenyewe majina yote iliyoyaona kwenye seva, kisha kulinakili jina bila kuongeza wala kupunguza nafasi.

Kushusha kwenyewe kuna kipimo. Gmail inaruhusu MB 2,500 kwa siku kupitia IMAP. GB 12 kwa kipimo hicho ni siku tano, mtu asipokatizwa. Mac ina desturi ya kusinzia isipoguswa, na amri ya kuizuia inaitwa caffeinate, jina linalotokana na kahawa. Wanywaji wa kahawa ya Mbozi hawahitaji ufafanuzi. Amri hiyo ina udhaifu mmoja: inazuia usingizi wa mashine iliyoachwa wazi tu. Mfuniko ukishuka, Mac inalala.

Siku ya pili ya kushusha, mwenye mashine alitoka kwenda sokoni. Aliporudi alimkuta mama mwenye nyumba mlangoni, uso umejaa wema.

"Mwanangu, nimekuta kompyuta yako inawaka peke yake, nikakufungia. Umeme tunachangia."

"Asante sana, mama."

Hakuna jibu jingine katika hali hiyo. Mbsync huendelea pale ilipokatikia, nalo ni jambo la kuisifu bila masharti, kwa hiyo hasara ilikuwa ya saa chache. Siku iliyofuata juu ya kibodi kulibandikwa karatasi: TAFADHALI USIFUNGE. Mama mwenye nyumba aliisoma, akauliza kama kompyuta inaumwa.

Lililo zito kuliko yote katika habari hii ni neno kusawazisha. Mbsync iliundwa kusawazisha pande mbili, na kusawazisha ni kinyume kabisa cha kihenge pale mtu anapoiruhusu ifute. Faili ya maelekezo ikiwa na mstari Expunge Both, barua iliyowekewa alama ya kufutwa upande mmoja huondolewa pande zote mbili. Dumuzi aliyeingia kwenye gunia moja anakuwa amepewa ufunguo wa ghala. Anayetaka akiba huandika Sync Pull, yaani vuta tu, na Expunge None, yaani usifute kitu. Mistari hiyo miwili inastahili kukaguliwa kabla ya mingine yote, na mingi ya mifano inayonakiliwa huku na huko haina hata mmoja.

Barua zilizoshuka hukaa katika mtindo wa Maildir, uliobuniwa na Daniel J. Bernstein: kila barua faili moja, ndani ya folda tatu zinazoitwa cur, new na tmp. Faili moja ikiharibika, nyingine hazijui. Majina yake ni marefu na yana alama ya nukta mbili, ambayo Windows haiipokei, kwa hiyo kabla ya kuhamishiwa kwenye flashi folda nzima hufungwa kuwa faili moja kwa amri ya tar. Flashi ya kwanza iliikataa faili hiyo kwa sababu ilikuwa ya FAT32, ambayo haibebi faili inayofika GB 4. Ya pili ilikubali. Faili ilifunguliwa kwenye kompyuta ya steshenari moja mjini ili kuhakikisha kuwa barua zinasomeka, na barua ya kwanza kutokea ilikuwa tangazo la punguzo la bei ya viatu la mwaka 2012. Ilisomeka vizuri.

Nakala sasa ni mbili. Moja iko Sumbawanga ndani ya Mac. Nyingine iko Matai, kwenye kabati la vyombo la shangazi, ndani ya mfuko wa rambo ulionusurika marufuku ya mwaka 2019, na haitolewi kwa mtu yeyote anayepiga simu.