Hesabu ya Maji

Ijumaa iliyopita, jua lilipokwisha kuzama, nilisimama katika safu ya kwanza ya msikiti mmoja wa kisiwa cha Uzi, nyuma ya imamu mkono wa kulia, mahali anapowekwa mtu mzima anayeheshimiwa na ahali za pande zote mbili za harusi, nami nimevaa kanga. Lau ingekuwa kikoi chenye rangi kali ningejitetea. Ilikuwa kanga ya kike, nyekundu, yenye mikorosho pindoni na jina kwa herufi kubwa, na kwa kuwa mafundi wa kanga tangu hapo huliweka jina chini ya mji, juu kidogo ya pindo, kila aliyekuwa safu ya pili na kuinamisha macho mahali pake pa kusujudia, kama inavyompasa mwenye kuswali, aliyakuta mbele yake maneno HESABU ZAKO HAZINIHUSU. Sijui kama swala za safu ile zilisihi. Nijualo ni kwamba baada ya salamu palikuwa na kikohozi kingi mno msikitini, ilhali haya si majira ya mafua.

Fedheha hiyo haikuanzia msikitini, wala haikuanza siku ile. Ilianza Jumatatu, na ajabu yake ni kwamba ililetwa na elimu.

Asiyepajua Uzi na ajue kwamba ni kisiwa kilichoko kusini ya Unguja Ukuu, katika Ghuba ya Menai, na kati yake na nchi kavu pana mikoko na njia ya mawe ambayo watu wa huko wameijaza kwa mikono yao. Maji yakipwa, gari hupita polepole likitikisika kama punda mgonjwa, na maji yakijaa, njia huzama, hata asiyeambiwa asijue kwamba pale chini pana barabara. Basi mtu anayekwenda Uzi hana budi kuafikiana kwanza na bahari. Sisi tulikuwa watu 23, na kumi na mmoja kati yetu hawajatimiza miaka kumi, tunampelekea mtoto wa ndugu yangu mahari ya mkewe. Bwana harusi mwenyewe, kwa kuwa ana akili, alikwisha vuka asubuhi na rafiki zake. Mahari yalikuwa kwangu, ndani ya bahasha, na nikaha ilikuwa baada ya swala ya Alasiri. Kuafikiana na bahari nalo nikalitwaa mimi, bila ya kuombwa.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana, lakini haifuati saa ya ukutani, bali humfuata mwezi. Na mwezi nao hautulii, kwani wakati dunia inapojizungusha mara moja, wenyewe huwa umekwisha songa mbele katika njia yake, hata dunia ikalazimika kuzunguka takriban dakika hamsini zaidi ndipo ipate kuuelekea kama jana. Kwa hiyo maji yaliyojaa leo saa saba, kesho hujaa saa nane kasoro dakika kumi. Hilo ni jepesi. Lililonishughulisha tangu utotoni, na ambalo nilimweleza dereva wetu kutoka Mwanakwerekwe mpaka Tunguu, naye akanisikiliza kwa adabu ya mtu aliyekwisha kulipwa nusu, ni hili: mwezi ni mmoja, mbona maji hujaa mara mbili? Jawabu lake ni la kustaajabisha. Maji ya upande unaouelekea mwezi huvutwa kwa nguvu kuliko dunia yenyewe, kwa kuwa yako karibu zaidi, nayo hutuna. Dunia nayo huvutwa kwa nguvu kuliko maji ya upande wa pili, ambayo yako mbali zaidi, na kwa hiyo hayo hubakia nyuma na kutuna vilevile. Kwa mfano wa safari yetu, maji ya mbele ni watoto waliokwisha panda garini na kuanza kupigana, dunia ni sisi watu wazima tulio mlangoni, na maji ya nyuma ni shemeji yangu, ambaye bado anatafuta pochi. Jua pia huvuta, kwa nguvu isiyotimia nusu ya ile ya mwezi. Viwili hivyo vikivuta katika mstari mmoja, mwezi unapoandama na unapopevuka, ndipo tunapopata bamvua, na hapa Unguja maji hupanda zaidi ya mita tatu kutoka pale yaliposhukia. Na mwezi ukiwa nusu, kila kimoja kikivuta kwake, bahari hukosa la kufanya, tukapata maji mafu.

Basi Jumatatu nilikwenda Forodhani, nikaona kwa macho yangu maji yamejaa barabara saa saba na dakika arobaini za mchana. Nilitoa kalamu. Kutoka Jumatatu hadi Ijumaa ni siku nne. Nne mara hamsini ni dakika mia mbili, yaani saa tatu na dakika ishirini. Mpaka hapo hapana mwalimu angeniweka alama ya kosa. Kisha, badala ya kujumlisha, nikatoa. Mpaka leo sijajua ni shetani gani aliyeushika mkono wangu, kwani hata mtoto mdogo anajua kwamba mwezi ukishapevuka hukawia kutoka kila usiku, wala hauwahi. Lakini nilitoa, nikapata kwamba Ijumaa maji yangejaa saa nne na dakika ishirini za asubuhi na kupwa kabisa saa kumi na nusu jioni, na njia ya Uzi ingekuwa kavu kama ubao wa chuoni. Jawabu lilikuwa zuri kiasi cha kunizuia nisilitazame tena. Nililiandika katika karatasi safi, nikaikunja, nikaitia katika mfuko wa kanzu.

Asubuhi ya Ijumaa, mama yangu mkubwa, ambaye amezaliwa Makunduchi na hakuwahi kushika kalamu, alitoka uani na buibui lake tayari, akasema, "Mwanangu, mwezi jana umetoka mzima kama sinia. Ukiwa hivyo maji hujaa alasiri. Twendeni sasa hivi, yamekauka."

"Mama," nilimjibu, nikiugusa mfuko, "hesabu nimeshaipiga."

"Haya, mwanangu."

Aliketi, akavua buibui, na hakunena tena juu ya jambo hilo mpaka magharibi.

Tulikubaliana kuondoka saa nane, mara baada ya swala ya Ijumaa, tukaondoka saa tisa. Mtoto mmoja alijifungia chooni, wa pili alikuja na viatu viwili vya mguu wa kushoto, na wa tatu alitapika kabla gari halijawashwa, jambo ambalo utingo alisema hajapata kuliona katika umri wake wa kazi. Gari lilikuwa la shamba, la mbao, lililo wazi pembeni, na hilo nalitaja kwa kuwa lina faida yake maji yanapoingia.

Tulifika Unguja Ukuu saa kumi, tukasimama mbele ya bahari. Sikusema njia, nasema bahari. Mikoko ilikuwa imezama mpaka kiunoni. Dereva alizima injini, akatazama mbele, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Mzee, mie naona maji." Nikamwambia kwamba anayaona kwa sababu yanatoka, na kwamba katika nusu saa hatayaona tena. Mjukuu wangu wa miaka saba, aliyekuwa akihesabu mawe ya ukingoni, akaniuliza mbona jiwe la tatu limepotea; nikamweleza kwamba macho ya watoto hudanganyika juu ya maji. Jiwe la pili likapotea. Simu yangu ikalia: bwana harusi, akiuliza kwa sauti ya mtu aliyezungukwa na wakwe, "Ami, mko wapi? Shekhe amekwisha kuja." Na hapo ndipo nilipofanya lile ambalo hata sasa, nikiwa peke yangu chumbani, hunifanya nijifunike uso kwa mto. Nilimwamuru dereva aingie.

Aliingia hatua kama hamsini. Gari lilikohoa, likatikisika, likanyamaza, na maji yakapanda sakafuni kwa utulivu mkubwa, bila haraka wala ghadhabu, kama mwenye nyumba anayeingia chumbani kwake. Wanawake walipandisha miguu juu ya mabenchi wakimtaja Mola. Watoto wote kumi na mmoja walishangilia, na wa viatu viwili vya kushoto akavitupa vyote majini, akaepukana na dhiki yake. Sinia la visheti, lililofungwa kwa kitambaa cheupe chenye utepe, liliteleza kutoka mapajani mwa shangazi, likatua juu ya maji, likasimama kitambo kama linalotafakari, kisha likaelea taratibu kati ya mikoko, na sisi sote, pamoja na mimi mwenye bahasha, tukalisindikiza kwa macho mpaka lilipopotea. Wanaume walishuka kusukuma. Gari halikusogea, wanaume waliroa.

Watu wa Uzi walikuja na ngalawa bila ya kuitwa, na kwa wepesi wao wa kutupanga nani apande na nani angoje nilitambua kwamba hatukuwa wa kwanza wala hatutakuwa wa mwisho. Wanawake na watoto walivushwa kwanza, kisha wasukumaji, kwa kuwa walikuwa wakitetemeka. Nikabaki mimi, mkavu, nimesimama juu ya benchi kama sanamu, na simu inalia. Kijana mmoja mwenye mabega mapana, ambaye baadaye nilijua kuwa ni ndugu wa bibi harusi, alinigeuzia mgongo akasema, "Panda, baba, usije ukaroa." Nilipanda. Nina kilo tisini. Kanzu yangu ilikuwa na darizi ya mkono, na joho nimelikunja begani. Alikwenda hatua saba au nane kwa ushujaa, akakanyaga jiwe lenye ute, tukazama wote wawili, na walioko ng'ambo wanasema kitu pekee kilichobaki juu ya maji kilikuwa mkono wangu ulioshika bahasha.

Nilipotolewa pwani, mama mkubwa alikuwa amekaa juu ya kigogo, mkavu, ana kikombe cha chai ya tangawizi aliyopewa na wenyeji. Alinitazama kutoka kofiani, ambako kofia haikuwapo, mpaka miguuni.

"Ile hesabu, mwanangu," akasema, "imetoka ngapi?"

Vikoi vya nyumba ya wakwe vilikuwa vimekwisha, kwa sababu wasukumaji walitangulia. Bibi yake bibi harusi, ajuza mwenye huruma, alinifungulia kanga moja ya doti jipya akanipa kwa moyo safi, na naamini kwamba hakulisoma jina. Wajukuu zake walilisoma. Hivyo ndivyo nilivyokabidhi mahari mbele ya shekhe, sheha na wazee wa kijiji, kanga kiunoni na fulana ya mtu kifuani, na kila niliposimama kumkaribisha mgeni, mabinti walioko dirishani waliishiwa nguvu. Mjukuu wangu mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ambaye simu yake, kama ilivyodhihirika, ina jedwali la maji la mwaka mzima, alinionyesha kwamba maji yamejaa saa kumi na moja kamili. Nilipojumlisha badala ya kutoa nilipata saa kumi na moja kamili.

Biriani ilikuwa nzuri, lakini ilitufikia wali mtupu. Watoto wawili walilala chini ya meza ya wanawake, tukawahesabu mara nne. Shemeji alipoteza pochi.

Nilicheka na wanaonicheka, kwani harusi ni ya kuchekwa. Lakini usiku, tukingoja njia itokeze, yule kijana aliyenibeba alinieleza kuhusu watu aliowahi kuwabeba, na hapakuwa na kichekesho. Mwanamke mwenye uchungu hana hiari ya kuchagua maji mafu. Mgonjwa hukaa ukingoni akiitazama nchi kavu, ambayo anaiona kwa macho, na husubiri mwezi. Mtoto wa shule huchelewa kwa bamvua, na mwalimu mgeni humpiga kwa uvivu. Sisi wa mjini tuliroa siku moja tukapata kisa cha kusimulia barazani. Wao hujua mwezi kwa sababu kutoujua kunaua. Nikamwuliza kama wenye kuahidi hawaji. Akasema huja, tena kwa magari mazuri, lakini huja maji yakiwa yamekauka.

Saa tatu za usiku mawe yalianza kuonekana, na gari likavutwa kwa kamba. Njiani hapana aliyeniuliza habari za mwezi, ingawa ulikuwa juu yetu, mkubwa, umekwisha pungua kidogo upande mmoja. Dereva alidai malipo ya injini, nami nikampa bila ya kuhesabu.

Kanga bado ninayo. Nimeifua, nimeipiga pasi, nimeikunja ndani ya karatasi, na mwenyewe anahitaji doti lake likamilike. Ukiwa na safari ya Uzi, nijulishe, nikukabidhi umpelekee. Ila muulize kwanza mama mkubwa saa ya kuondoka.