Pampu Tatu na Tairi la Nyasi

Klabu yetu ya baiskeli za milimani ina mwenyekiti, katibu, mhazini, mlezi ambaye hajawahi kukalia baiskeli, na pampu tatu. Kila Jumatano saa kumi jioni tunakutana Sanawari, hapa Arusha, tupande Sekei, tukatize migomba na kahawa hadi Ilboru, kisha tuteremke Sakina kabla giza halijaingia. Hiyo saa kumi ni ya kwenye simu. Saa kumi yenyewe ikifika, mhazini ndiyo kwanza anatafuta soksi, na klabu haiondoki bila mhazini kwa sababu hela ya chai anayo yeye.

Tungekuwa Ulaya wakati wa kiangazi, uzembe huu usingetudhuru, maana kule jua hukaa angani hadi usiku. Arusha iko nyuzi tatu na ushei kusini mwa ikweta, na jua la huku halina tabia ya kuaga mara mbili. Kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi linazama, na haipiti nusu saa hulioni gurudumu lako la mbele. Mwenyekiti anayajua yote haya. Hata hivyo, tunapoondoka saa kumi na moja na robo, hutwambia muda upo wa kutosha kwa kuwa njia ni tambarare. Tunaishi miguuni pa Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500. Tambarare ya mwisho mimi kuiona ilikuwa uwanja wa mpira.

Sheria kuu ya klabu ni kwamba hatuachi mtu. Kwenye kila njia panda walio mbele husimama kumsubiri wa mwisho. Ukiisikia hivyo inapendeza. Lakini wa mbele wakishafika wanakunywa maji, wanapiga picha, wanasimulia habari za ofisini mpaka jasho linawakauka, wa mwisho akitokeza, ulimi nje, wanasema, "Haya, tumetimia, twendeni!" Kwa hiyo katika klabu nzima kuna mtu mmoja tu asiyepumzika, naye ndiye mchovu kuliko wote. Nimeiandikia kamati kuhusu jambo hili. Barua iko kwa katibu.

Wakazi wa njiani nao wana maoni yao. Ukishavaa helmeti, watoto wanakupandisha uzungu papo hapo. Mwenyekiti, mweusi kunizidi, aliyezaliwa Sekei na kukulia Sekei, huitwa mzungu kila akipita Sekei. Jumatano iliyopita mama mmoja muuza ndizi alituangalia tunavyohema kwenye kilima, akamgeukia mhazini kwa upole mwingi.

"Baba, kwani gari limeharibika?"

"Hapana mama, tunafanya mazoezi tu."

"Pole, baba," akasema, na ile "pole" ilikuwa ya msibani kabisa.

Siku hiyo hiyo katibu alikuja na baiskeli mpya, yaani ya mtumba, ya kutoka Ujerumani: gia ishirini na saba, breki za diski, rangi ya chungwa. Njia nzima alikuwa anabadilisha gia hata pasipo na sababu, tusikie inavyolia. Jambo ambalo muuzaji hakumwambia ni kwamba kwenye baiskeli za Phoenix tulizokulia sisi, breki ya mbele iko mkono wa kulia, kwa desturi ya Waingereza. Wajerumani huiweka kushoto. Mteremko wa Ilboru una mfereji unaokatiza njia pale chini, na katibu, akitaka kupunguza mwendo kistaarabu kwa breki ya nyuma, akakamata kushoto kwa nguvu zote. Baiskeli ilitii. Ilisimama palepale. Yeye aliendelea.

Tulimkuta amekaa mfereji mzima, maji yamempata kifuani, helmeti inaelea kuelekea kwenye shamba la mtu. Mtoto wa miaka kama sita aliiokota, akampelekea kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo, mzungu." Katibu aliitikia marahaba kabla hata ya kujikagua meno. Kwenye muhtasari wa safari, ambao yeye ndiye mwandishi, tukio hilo limeandikwa hivi: "Katibu alitangulia kukagua mfereji. Uko katika hali nzuri."

Ni haki kusema kwamba breki zimeutesa mchezo huu tangu haujapata jina. Vijana wa Marin, kule California, walianza mwaka 1976 kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu zenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Kitovu cha gurudumu kilipata moto hadi grisi ikafuka moshi, na wakifika chini iliwabidi wakifungue na kukijaza grisi upya. Mashindano yale yakaitwa Repack kwa sababu hiyo. Miaka 20 baadaye mchezo ukaingia Olimpiki ya Atlanta. Nilimsimulia katibu akiwa anakamua soksi. Hakufarijika.

Pancha ya siku hiyo ilikuwa yangu. Mtu alikuwa ameziba ua wake kwa matawi ya miiba, tawi moja likalala njiani, na giza lilishaanza kujaa. Hapo ndipo pampu tatu zilipopata siku yao. Ya kwanza ni ya valvu nene, kama ya gari. Ya pili ni ya valvu za Phoenix. Valvu yangu ni ile nyembamba yenye kinati kidogo kichwani, haikuingia popote. Ya tatu ni ya umeme, inaingia kila valvu duniani, ila mhazini alikuwa ametumia chaji yake kuchajia simu. Mwenyekiti akatoa tyubu ya akiba kwa majivuno. Ilikuwa ya baiskeli ya mwanawe wa darasa la kwanza.

Tukasukuma hadi kwa fundi mmoja mzee chini ya mti, karai lake la maji bado liko mlangoni. Alibana tochi ya simu kwa meno, akaizamisha tyubu polepole, akiivuta kiganja kwa kiganja, hadi povu likatoka. Akaweka alama kwa njiti ya kiberiti, akaendelea. Povu tena. Alipofika kwenye shina la valvu maji yakachemka. Akaitoa tochi mdomoni.

"Hapa hapana kiraka, mwanangu. Hapa pa kuzika."

Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kwapa zima la nyasi. Akazisokota kama kamba, akazishindilia ndani ya tairi kwa mpini wa spana, duru nzima, mpaka likavimba. Alitaka elfu mbili. Mhazini akauliza kama nyasi zina risiti. "Nyasi bure," mzee akajibu, "hiyo ni ya akili."

Niliteremka Sakina nikilia kwaru-kwaru, mbwa wa kila geti wakinisindikiza hadi kwenye mpaka wao na kunikabidhi kwa wenzao. Tukaegesha baiskeli nyuma ya banda la nyama choma, tukaagiza chai na mishkaki. Nilikuwa kwenye mshikaki wa pili mchoma nyama alipotokea, mkono kiunoni.

"Nani amemlisha mbuzi wangu? Huyu anachinjwa alfajiri, hatakiwi kula kitu usiku!"

Mbuzi alikuwa amefungwa kando ya baiskeli yangu. Tairi lilikuwa limelegea kama soksi, nusu ya nyasi imeshaliwa, na nusu nyingine ilikuwa inaning'inia mdomoni mwake huku akitutazama bila haya. Mchoma nyama akadai fidia ya usumbufu. Mwenyekiti akaomba hoja hiyo ipelekwe kwenye kamati. Mhazini akapatwa na simu ya ghafla. Mimi nikaita bodaboda, na katibu, bado mbichi kiunoni kushuka chini, akatoa daftari lake lililolowa, akaandika: "Waliohudhuria: wajumbe wote. Waalikwa: mbuzi mmoja."