Karibu Kiti: Mwongozo wa Kukalia Plastiki kwa Heshima

Ukifika kwenye shughuli yoyote, iwe harusi, msiba au kikao cha mtaa, salamu zikiisha utaambiwa, "Karibu kiti." Zamani maneno hayo yalikuwa na fumbo. Hukujua utapewa kigoda, benchi, kiti cha mbao chenye mto wa sufi, au utaelekezwa kwenye kitanda cha kamba kilichotolewa uani. Siku hizi fumbo limefumbuliwa. Ni kile kile cha plastiki, cheupe au cha bluu, chenye herufi za mwenyewe zilizopakwa rangi nyekundu mgongoni ili kisisahau njia ya kurudi kwao.

Kwa kuwa utakikalia mpaka uzeeni, na shule haikukufundisha namna, fuata hatua hizi.

1. Kijue unachokikalia

Kiti hiki hakikupita kwa seremala. Punje za plastiki iitwayo polipropilini huyeyushwa kwa joto la nyuzi 220 hivi, hushindiliwa kwenye kalibu, na kiti kizima, miguu, mikono na mgongo, hutoka kwa mpigo mmoja bila msumari wala gundi. Mfaransa Henry Massonnet alipotoa kiti chake cha Fauteuil 300 mwaka 1972, kimoja kilikamilika chini ya dakika mbili. Kwa dakika mbili, seremala wetu hajamaliza hata kuitafuta penseli iliyo sikioni mwake.

Ubaya ni mmoja: kalibu haikuwahi kukutana na wewe. Ilichongwa kwa kumfikiria mtu wa wastani, na mtu huyo hajawahi kuhudhuria shughuli zetu.

2. Kikague kabla ya kukaa

Pitisha kiganja kwenye mgongo wa kiti. Kikitoka na unga mweupe, ujue kiti kimeanikwa juani miaka mingi, na jua limeshakula uimara wake. Kibonyeze kidogo. Kikilia kama biskuti, mwachie shemeji.

Ukikuta kilichoshonwa, usikidharau. Fundi alichoma msumari motoni hadi ukaiva, akatoboa matundu pande zote mbili za ufa, kisha akapitisha waya huku na huku kama anayefunga kamba za kiatu. Mshono huo utaishi kuliko kiti chenyewe. Angalia tu ncha ya waya imeelekea wapi. Kwa uzoefu wangu, huelekea juu.

Mgeni mwenye mwili apewe viwili, kimoja kimepachikwa ndani ya kingine. Kwenye jambo hili adabu ni kutotaja sababu. Sema, "Hiki cha chini kimechoka kidogo, mama mkubwa," naye ataitikia, "Ndiyo, mwanangu, nimekiona," na wote wawili mtabaki na heshima zenu.

3. Tafuta mahali pa kukiweka

Kwenye mchanga, miguu ya nyuma huzama taratibu, na utajikuta unasikiliza mawaidha huku unatazama mbingu. Kwenye vigae, miguu hutanuka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi. Penye usalama ni sakafu ya saruji isiyolainishwa, na hapo wazee wameshawahi.

4. Pambana na jasho

Kwa dakika kumi za kwanza utasema kiti hiki hakina neno. Hata juani kina nafuu kuliko kiti cha chuma, ambacho hukuadhibu ukikigusa tu. Subiri. Plastiki hainywi maji. Ukindu una nafasi kati ya shupatu na shupatu, hewa inapita, pamba inafyonza, hata ubao hulamba unyevu kidogo. Plastiki yenyewe inakurudishia jasho lako lote, kama muuza duka mwaminifu anayerudisha chenji mpaka senti ya mwisho.

Wakati wa kuondoka, usiinuke ghafla. Kwanza jibandue, upande wa kulia halafu wa kushoto. Mjomba wangu aliitwa kutoa nasaha kwenye sendofu. Akainuka kwa fahari, na kiti kikainuka naye, mikono imembana kiunoni. Alitembea hatua tatu nzima kabla hajagundua. Wengi tumewahi kuongozwa na mwenyekiti, lakini siku ile ndiyo tulimwona.

5. Uliza starehe hii ni ya nani

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanakilaumu kiti kwa kushindwa kazi ambayo hakikupewa. Kiti cha plastiki kinamstarehesha mwenye kukikodisha, mwenye kukibeba na mwenye kukihifadhi. Wewe uliyekikalia umekuja baadaye.

Nilipokuwa kijana, kukiwa na shughuli tulitumwa kuazima mabenchi ya shule. Benchi moja, vijana wawili, na kidole kimoja lazima kibanwe mlangoni. Leo mtoto mmoja anakokota guta lenye viti hamsini vilivyopandana, anapiga mluzi. Mvua ikinyesha havivimbi. Vikichafuka vinamwagiwa ndoo moja ya maji. Shughuli ikiisha, vinasimama kona moja ya stoo vikishika nafasi ya kiti kimoja.

Wala tusiwapambe sana wazee wa mbao na kamba. Kitanda cha kamba tulikiita telemka tukaze, na jina hilo halikuwa la mzaha: usiku kililegea hadi mgongo ukanusa sakafu, mtu akalazimika kushuka ili kamba zivutwe upya. Katika maungio yake kunguni waliishi ukoo kwa ukoo, na tiba ilikuwa kukitoa nje na kukimwagia maji ya moto. Kunguni akitazama kiti cha plastiki, haoni pa kupanga chumba.

6. Usiipe plastiki kila kazi

Ya kubeba maji, ipe. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 za maji tayari, na hakuna aliyewahi kubeba mtungi kichwani anayetamani kuongeza uzito wa udongo juu yake. Ya kuogea, ipe pia: kanda mbili haziozi bafuni.

Ya kupoza maji ya kunywa, mwachie mtungi. Udongo wake una vinyweleo. Maji hupenya kidogo hadi nje, upepo huyakausha, na yaliyobaki ndani hupoa. Mtungi hutoa jasho kwa niaba yako. Plastiki hukuachia ulitoe mwenyewe.

7. Kivalishe

Siku ya harusi kiti huvalishwa gauni jeupe na kufungwa utepe wa dhahabu kiunoni, ili mgeni rasmi asijue anakalia nini. Gauni lenyewe ni la poliesta, ambayo nayo ni plastiki iliyosokotwa nyuzi. Mgeni rasmi naye amevaa suti ya poliesta. Hivyo plastiki imekalia plastiki iliyovaa plastiki, feni imekufa, na risala ndiyo kwanza ina kurasa sita.

8. Yote yakishindikana

Nilidhani dawa ni kukimbilia mkekani. Kwenye msiba wa jirani mwaka jana nikavua viatu, nikakaa chini kama mtu wa asili. Mkeka ulikuwa wa plastiki. Nilipoinuka, miguu yangu ilikuwa imechapwa mistari kama daftari la hesabu.

Nikiwa najisugua, bibi yangu akaingia, kajitanda khanga mbili. Nikamkimbilia na kiti. "Karibu kiti, bibi."

Hakukikagua, hakukibonyeza. Akaivua khanga ya juu, ya pamba, ile iliyofuliwa hadi ikalainika kama sikio la sungura. Akaikunja mara nne, akaitandika kwenye kiti, akaipigapiga kwa kiganja, akakaa.

"Nimeshakaribia, mjukuu wangu," akasema. "Nyie toeni kiti tu. Makalio yangu nayatunza mwenyewe."